Sheria za biashara ya chakula zinabadilika: Je, jiko lako lina habari?

Katika nyumba zetu nyingi, biashara ya chakula haiko mbali na jiko la familia. Mama anachoma vitumbua na kukaanga bagia kabla watoto hawajaenda shule. Baba ana bucha au genge. Kijana anakamua juisi ya miwa karibu na kituo cha daladala, na shangazi anasaga unga wa lishe na kuupima kwenye pakiti za nusu kilo. Biashara hizi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, ada na dawa mtoto anapougua.

Lakini biashara hizi hizi ndizo zinazoguswa na sheria nyingi kuliko ile ya kanga au vyombo, kwa sababu bidhaa yake inaingia tumboni mwa mtu. Na sheria hizo hazikai mahali pamoja. Ofisi hubadilika, kibali hubadilika jina, na kifungashio kilichoruhusiwa mwaka jana mwaka huu kimepigwa marufuku. Mfanyabiashara mkubwa ana mwanasheria na mhasibu wa kumfuatilia mambo hayo. Mama wa vitumbua hana. Mara nyingi yeye huijua sheria mpya siku mkaguzi anaposimama mbele ya karai lake.

Katika toleo hili, inshaallah, tutaangalia baadhi ya mabadiliko hayo hapa Tanzania Bara, ugonjwa ambao kila sheria inauzuia, na namna ambavyo familia yenye mtaji mdogo inaweza kuyafuatilia bila kupoteza mtaji wake. Kwa ndugu zetu wa Zanzibar, kumbukeni kuwa huko kuna sheria na taasisi zake, ukiwemo Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, hivyo waulizeni wao kwanza.

OFISI IMEHAMA

Tuanze na badiliko ambalo hadi leo linawachanganya watu. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyojulikana kwa jina la TFDA. Kwa miaka kumi na sita, mtu aliyetaka kusajili jengo la kutengenezea chakula, au kuingiza bidhaa ya chakula kutoka nje, alikwenda TFDA. Jina hilo likazoeleka kiasi kwamba watu walilitumia kama neno la kawaida, mtu akisema "bidhaa yangu ina TFDA".

Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka 2019. Kuanzia tarehe 1 Julai 2019, kazi ya kusimamia usalama wa chakula na vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. TFDA ilibakiwa na dawa na vifaa tiba, ikabadilishwa jina na kuwa TMDA. Kwa hiyo mwenye kuuza unga, asali, achari, mafuta ya kula au hata losheni na sabuni za urembo, mlango wake wa kitaifa ni TBS.

Badiliko hili halikutokea hivi hivi. Mwaka 2018 Serikali ilitoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, unaojulikana kwa kifupi kama MKUMBI, uliokiri kuwa taasisi nyingi zilikuwa zikifanya kazi inayofanana na kumtoza mfanyabiashara yule yule mara mbili mbili. Kuiunganisha kazi ya chakula chini ya TBS kulikuwa sehemu ya kuondoa mzigo huo.

Hata hivyo, nafuu hiyo humfikia anayejua. Chukua mfano wa mama mwenye lebo elfu mbili alizochapisha zamani zikiwa na namba ya usajili ya ofisi iliyokwisha kuacha kazi hiyo. Akizipeleka pakiti zake kwenye duka kubwa, zinarudishwa. Fedha ya lebo imepotea na unga unakaa ndani ukisubiri lebo mpya. Na unga ukikaa sana, hasa wenye karanga, unaharibika. Hapo ndipo suala la karatasi linapogeuka kuwa suala la afya.

UNGA WA LISHE NA SUMUKUVU

Akina mama wengi huchanganya mahindi, karanga, ulezi na soya, wakausaga na kuuza kwa ajili ya uji wa watoto. Nia ni njema. Lakini mahindi na karanga ndivyo vyakula vinavyoshambuliwa zaidi na kuvu wanaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Kuvu hao hustawi penye unyevu na joto. Sumu yao haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha, na kuchemsha uji hakuiondoi. Ikiingia kwa wingi mara moja huua ini kwa siku chache. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulitokea hapa kwetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wakapoteza maisha.

Kwa sababu hiyo viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasiwe na unyevu unaozidi asilimia 13.5, na jumla ya sumukuvu isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya nafaka. Kiasi hicho hakipimwi kwa macho wala kwa kung'ata punje. Ndiyo maana bidhaa hupelekwa maabara kabla ya kupewa alama ya ubora. Lakini kazi kubwa hufanyika nyumbani kabla ya maabara: kukausha juu ya turubai na si juu ya udongo, kuweka magunia juu ya chaga yasiguse sakafu wala ukuta, kuchambua karanga na kutupa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na kusaga kidogo kidogo kulingana na wateja. Karanga ulizozitupa usimpe kuku wala mbuzi wa maziwa, kwa sababu sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa na mayai.

KARATASI TATU, KAZI TATU

Wengi huchanganya karatasi zifuatazo, wakidhani mwenye moja anazo zote.

Kwanza ni leseni ya biashara. Hii hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, na kwa biashara ndogo hupatikana halmashauri kwa afisa biashara. Hudumu miezi kumi na miwili. Inasema kuwa unaruhusiwa kufanya biashara, lakini haisemi chochote kuhusu usafi wa unga wako.

Pili ni usajili wa jengo. Huu unahusu mahali: sakafu inayosafishika, maji safi, choo, mahali pa kunawia mikono, madirisha yenye wavu na nafasi ya kutenganisha kibichi na kilichoiva. Ukihamia chumba kingine, usajili wa kule ulikotoka haukufuati.

Tatu ni alama ya ubora ya TBS. Hii inahusu bidhaa yenyewe baada ya kupimwa. Ukiwa na alama kwa unga wa lishe, usiibandike kwenye pakiti ya achari. Kwa wanaoanza, ni vema kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 ambalo lina ofisi mikoani. Hapo utapata mafunzo ya usindikaji na barua ya kukutambulisha.

Aidha, wauza maziwa wana Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 yenye Bodi ya Maziwa, na wenye bucha wana Sheria ya Nyama ya mwaka 2006 yenye Bodi ya Nyama. Nyama lazima ikaguliwe na daktari wa mifugo na kugongwa muhuri. Kuchinjwa kwa njia ya halali hakuondoi haja ya kukaguliwa. Mnyama anaweza kuchinjwa kisheria ya dini akiwa na kifua kikuu au minyoo ya tegu kwenye misuli yake.

KUPIMWA AFYA

Kila anayeshika chakula cha wateja anatakiwa kupimwa afya kwa vipindi, na kwa kawaida halmashauri hutaka kila baada ya miezi sita. Wapo wanaonung'unika: "Mimi mzima, nipimwe nini?" Jibu ni kwamba baadhi ya magonjwa hubebwa na mtu mzima kabisa. Vijidudu vya homa ya matumbo vinaweza kukaa kwenye mfuko wa nyongo wa mtu kwa miaka bila yeye kuhisi chochote, vikitoka na choo chake.

Mfano unaosomeshwa vyuoni ni wa Mary Mallon, mpishi wa New York nchini Marekani. Alikuwa na afya njema, lakini familia alizozipikia ziliugua homa ya matumbo moja baada ya nyingine. Mwaka 1907 alitengwa. Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi kuwa hatapika tena, akabadilisha jina na kurudi jikoni. Mwaka 1915 ugonjwa ukalipuka katika hospitali ya wazazi alimokuwa mpishi. Hakuwa mtu mbaya. Hakuamini tu kwamba mtu asiyeumwa anaweza kuambukiza, na upishi ndio ulikuwa riziki yake.

Lakini tusidanganyike na karatasi ya vipimo. Inaeleza hali yako ya siku ile tu. Ukitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, cheti kilichotundikwa ukutani hakimsaidii mteja. Na mwenye kuharisha, kutapika au kuwa na jipu mkononi, aache kushika chakula hadi apone, hata kama cheti chake bado kina miezi mitano.

MIFUKO NA CHAKULA CHA MOTO

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kote. Wafanyabiashara wengi wadogo walibaki na mizigo ya rambo waliyoinunua wiki chache kabla, ingawa tangazo lilikuwa limeshatolewa. Baadaye watu wakahamia kwenye vile vifuko laini vya kufungashia, wakavitumia kubebea nyanya na karanga. Mwaka 2021 Serikali ikavigeukia navyo, ikapiga marufuku vile visivyokidhi viwango. Hata mifuko mbadala ina kipimo chake: inatakiwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba. Kwa hiyo ukinunua mifuko kwa jumla, iangalie kama ina maelezo ya mtengenezaji na uzito, kwani hasara ya mfuko hafifu itakuwa yako.

Kwa upande wa afya, tabia ya kumwaga maharage ya moto, uji au mchuzi kwenye mfuko wa plastiki tungepaswa kuiacha hata kama kusingekuwa na marufuku. Joto huifanya plastiki duni iachie kemikali kwenye chakula, hasa chenye mafuta. Mwambie mteja aje na bakuli au hotpoti yake. Karatasi za magazeti na daftari za wanafunzi nazo si za kufungia vitumbua, kwa sababu wino na uchafu wake huishia kwenye mafuta ya kitumbua.

KITAMBULISHO SI KINGA YA KIPINDUPINDU

Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni nne kwa mwaka. Wengi walifarijika, kwa kuwa viliwapunguzia usumbufu wa ushuru. Lakini baadhi walikielewa kitambulisho kuwa ni ruhusa ya kila kitu, wakawajibu maafisa afya kwa kukionyesha. Utaratibu wa vitambulisho umekwisha kubadilika tangu wakati huo. Kanuni ya msingi ndiyo ambayo haikubadilika: karatasi ya kodi haifuti masharti ya afya.

Tukumbuke kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015. Hadi kufikia mwaka 2018 kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 30,000 nchini na kuua zaidi ya 500. Katika kipindi kile halmashauri mbalimbali zilizuia kuuza chakula kilichopikwa na matunda yaliyokatwa katika maeneo ya wazi. Amri kama hizo hutolewa kwa haraka na hazimsubiri mtu amalize mtaji wake. Mama lishe aliyekuwa na kibanda safi, ndoo ya maji yenye koki, sabuni na vyombo vyenye mifuniko, alikuwa na la kusema mbele ya afisa afya. Aliyeosha sahani ishirini katika beseni moja la maji hakuwa nalo.

JINSI YA KUFUATILIA

Sasa tuje kwenye swali la msingi. Familia isiyo na mwanasheria itajuaje?

Kwanza, ujue msimu wa mabadiliko. Bajeti ya Serikali husomwa mwezi Juni, Sheria ya Fedha hupitishwa na Bunge, na mengi ya mabadiliko ya ada na kodi huanza tarehe 1 Julai. Hivyo mwezi Juni usinunue lebo, mifuko wala stika za mwaka mzima. Nunua za wiki chache, sikiliza redio, kisha mwezi Julai nenda kaulize.

Pili, ujue nani wa kumwuliza. Masuala ya usafi muulize afisa afya wa kata. Leseni muulize afisa biashara wa halmashauri. Viwango na usajili uliza ofisi ya TBS ya kanda yako. Hali kadhalika, hudhuria mikutano ya mtaa, kwa sababu sheria ndogo za halmashauri hutofautiana, na linaloruhusiwa Temeke huenda lina masharti mengine Tanga.

Tatu, weka daftari moja la biashara. Kila kibali kiandikwe: kimetolewa na nani, tarehe gani, kinakwisha lini, na stakabadhi yake iko wapi. Mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kwisha, anza kukihuisha. Kama mama hasomi vizuri, mtoto wa darasa la sita anaweza kulitunza daftari hilo, na atajifunza hesabu humo humo.

Nne, mgawane kazi. Wanawake kumi wa kikundi kimoja hawana haja ya kwenda wote halmashauri. Mmoja aende mwezi huu, mwingine mwezi ujao, na habari isomwe kwenye kikao cha kikundi. Matangazo ya aina hii yanafaa pia kutolewa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na walimu wa madrasa wana haki ya kuwauliza wanaowauzia watoto barafu na ubuyu mlangoni: maji ni ya wapi, na rangi hiyo ni ya chakula?

Tano, mkaguzi akifika mpokee kwa adabu, nawe omba kuona kitambulisho chake. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontroo namba, kupitia benki au simu. Anayetaka fedha mkononi bila namba na bila stakabadhi, mashaka yako juu yake ni ya haki. Akikukuta na kosa, mwombe aliandike pamoja na muda wa kulirekebisha.

NAFAKA ILIYOLOWA CHINI

Ni kweli kuwa masharti haya ni mazito kwa mwenye mtaji wa shilingi elfu hamsini, na watunga sheria wanapaswa kulisikia hilo. Tangazo la wiki mbili linalomwacha mtu na shehena ya mifuko haramu linamuumiza mnyonge kuliko mwenye ghala. Tukiitwa kutoa maoni, twende tukaseme.

Lakini sisi pia tunayo mafundisho yetu ya soko. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani yake, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akaeleza kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakukiweka juu ili watu wakione, akamkemea kwa kughushi. Anayejua habari za sumukuvu akiisoma hadithi hiyo ataona jambo jingine pia: nafaka iliyolowa na kufunikwa ndiyo hiyo hiyo inayoota kuvu.

Mkono ule ulikuwa ukaguzi. Leo mkaguzi anaweza kuwa TFDA jana, TBS leo, na kesho jina jingine. Fomu zitabadilika na ada zitapanda au kushuka. Kuvu, kipindupindu na homa ya matumbo havisomi Gazeti la Serikali. Mwenye kuujua ugonjwa ambao sheria inauzuia hatahangaika sana ofisi inapohama, kwa sababu jiko lake litakuwa limekwisha kutimiza sehemu kubwa ya yanayotakiwa, na kilichobaki ni karatasi.

Basi wiki hii, ndugu msomaji, fanya mambo mawili. Toa vibali vyote ulivyonavyo, visome tarehe na jina la ofisi iliyovitoa. Kisha ingia stoo, tia mkono chini kabisa ya gunia, uone vidole vyako vitagusa nini.

Wabillahi tawfiq.